Uaminifu hauji kwa kukariri: wanafunzi wakabidhiwe kitu cha kutunza

Somo la maadili limerudi kwa nguvu katika sekondari zetu. Lakini mwanafunzi hujifunza kuaminika pale anapokabidhiwa jambo la kweli na kutakiwa kulitolea hesabu, katika shule ambayo nayo inatoa hesabu kwake.

Na Mwandishi Wetu

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, kiongozi wa darasa hutunza daftari ambalo kila mwalimu anayeingia kufundisha hulitia saini: somo, mada, kipindi, idadi ya waliohudhuria. Daftari hilo ndilo linalomwambia mkuu wa shule nani alifundisha na nani hakufundisha. Sasa ichukuliwe siku ya kawaida kabisa. Vipindi viwili vya hisabati vimepita bila mwalimu kutokea; baadhi ya wanafunzi wamepiga soga, wengine wamelala juu ya madawati. Muda wa kutawanyika ukikaribia, mwalimu anamwita kiongozi wa darasa ofisini, anafungua ukurasa wa siku hiyo, anasaini vipindi vyote viwili na kumrudishia daftari bila kusema neno. Kijana wa miaka 15 anatoka ofisini akiwa na maandishi ya uongo mkononi, na anajua kuwa ni ya uongo.

Hakuna mada ya maadili itakayomfunza kijana huyo kwa nguvu kama dakika hiyo moja. Akinyamaza, amejifunza kwamba kumbukumbu rasmi hupangwa kumpendeza mkubwa. Akisema, huenda akaitwa mkorofi na walimu, na mnoko na wenzake. Darasa zima nalo linatazama, maana kila aliyekaa pale anajua kwamba hisabati haikufundishwa. Kesho yake mwalimu mwingine ataingia na kuandika ubaoni kichwa cha habari “Uaminifu”, na wanafunzi watanakili maana yake, aina zake na faida zake tano.

Hoja ya makala haya ni moja. Uaminifu unaweza kufundishwa sekondari, na unapaswa kufundishwa, lakini hauwezi kufundishwa kama mada ya kunakiliwa. Mwanafunzi anahitaji kitu halisi cha kutunza, wenzake wanaokitegemea, siku ya kutoa hesabu, na watu wazima wanaotimiza upande wao.

Somo lipo, na swali lake la mtihani lipo

Haiwezi kusemwa kwamba serikali za Afrika Mashariki zimelala. Mtaala ulioboreshwa wa Tanzania wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. TAKUKURU, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, imekuwa ikianzisha klabu za wapinga rushwa mashuleni. Nchini Kenya, mwongozo wa mtaala wa umilisi wa mwaka 2017 unataja maadili manane ambayo kila somo linatakiwa kuyajenga: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na kwao kazi ya kuitumikia jamii ni sehemu ya masomo.

Nia hiyo ni njema na inastahili kuungwa mkono. Tatizo linaanza pale nia inapogeuzwa kuwa alama. Mfumo wetu umezoea kupima kwa maandishi, na kinachopimwa kwa maandishi ndicho kinachofundishwa. Mwanafunzi anaweza kueleza kwa ufasaha madhara ya udanganyifu na kupata alama zote, huku jibu lenyewe ameangalizia kwa jirani. Karatasi haitamfichua, kwa sababu inapima anachokijua kuhusu uaminifu. Anachokifanya wakati hakuna anayemwona kiko nje ya uwezo wa karatasi hiyo.

“Mwanafunzi anaweza kueleza madhara ya udanganyifu na kupata alama zote, huku jibu lenyewe ameangalizia kwa jirani.”

Kufuli mbili za Kenya

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni ulinzi, na Kenya imewapa ushahidi mzito. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Machi 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang’i, alivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Mwaka huohuo karatasi zikawekwa katika makontena ya chuma yenye kufuli mbili, funguo zikiwa kwa maofisa wawili tofauti, na kila mkuu wa shule akabebeshwa dhamana ya kituo chake. Matokeo yalipotoka, alama za A zilizokuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015 zilishuka hadi 141. Wakenya wengi waliona katika pengo hilo picha ya wizi uliokuwa umezoeleka.

Ulinzi, basi, unafanya kazi yake, na hakuna sababu ya kuubeza. Mtihani wa taifa unaamua nani ataendelea na masomo na nani atabaki nyumbani, na mtoto aliyesoma kwa jasho ana haki ya kulindwa dhidi ya aliyenunua majibu. Lakini kufuli ina mpaka wake: inazuia tendo lakini haimjengi mtu. Alama za A nchini Kenya zimepanda tena mwaka hadi mwaka, zikafika 1,693 mwaka 2024. Kupanda huko peke yake si ushahidi wa wizi, kwani wanafunzi wanaweza kufaulu zaidi kwa sababu halali. Hata hivyo, matokeo ya mwaka 2022 yalizua manung’uniko makubwa kiasi kwamba kamati ya elimu ya Bunge ililazimika kuyachunguza.

Hapo ndipo inapoonekana hasara kubwa kuliko vyeti vya bandia. Imani ikishapotea, hata aliyefaulu kihalali anatazamwa kwa jicho la shaka. Mwajiri anataka mtihani wake mwenyewe, chuo kinataka usaili, na mtoto wa mkulima aliyepata A ya kweli hana namna ya kuonyesha kwamba yake si kama ya mwenzake. Udanganyifu wa wachache hutozwa kwa wote, na mlipaji mkubwa ni yule asiye na jina wala jamaa wa kumsemea.

Mkono wa mtu mzima

Mjadala wa uaminifu wa wanafunzi mara nyingi huanza na lawama kwa vijana: kizazi hiki kina haraka, kina simu, hakisikii. Kumbukumbu za mitihani zinasimulia jambo jingine. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kufungia vituo 24. Kituo hakifungiwi kwa sababu mtoto mmoja amechungulia karatasi ya jirani. Hufungiwa pale udanganyifu unapokuwa wa kituo, yaani pale waliopewa kazi ya kuulinda mtihani wanapoushughulikia kwa namna yao.

Msimu huohuo nchi ilimsikia mwanafunzi wa darasa la saba akilalamika hadharani kwamba shuleni kwake alibadilishiwa namba ya mtihani. Malalamiko yalichunguzwa, yakabainika kuwa ya kweli, na kituo kikafungiwa. Ni vyema tukio hilo likumbukwe kila tunaposema kwamba watoto wa siku hizi hawana maadili. Mtoto alijua lipi ni lake na lipi si lake, akalisema mbele ya watu waliokuwa na mamlaka juu yake. Waliovunja uaminifu walikuwa wale waliokabidhiwa mtihani wake.

Wanafunzi waliopelekwa sekondari na udanganyifu wa watu wazima wanafika kidato cha kwanza wakiwa tayari wamefundishwa. Wameona kwamba anayetunza kanuni ndiye anayezivunja, na kwamba ukimya una faida. Mwalimu wa maadili anapowaambia njia ya mwongo ni fupi, uzoefu wao unawaambia kwamba kuna waongo waliofika mbali. Kulikwepa jambo hilo darasani ni kuwapa sababu nyingine ya kutomwamini mwalimu.

Ushahidi wa watafiti

Uchunguzi wa kisayansi kuhusu tabia hii una karibu karne moja. Kati ya 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha Marekani matokeo ya kazi iliyohusisha karibu watoto 11,000. Katika moja ya njia zao, walikusanya majaribio, wakanakili majibu kwa siri, kisha siku nyingine wakawarudishia watoto karatasi zao wajisahihishie. Aliyebadilisha jibu alijulikana. Walichokikuta kiliwashangaza wengi wakati ule. Mtoto yuleyule alikuwa mwaminifu mahali pamoja na mdanganyifu mahali pengine, na watoto waliopitia mafunzo ya maadili katika vikundi vya kidini na vya vijana hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao. Tofauti kubwa ilionekana kati ya darasa na darasa, kulingana na mazoea ya kundi na uhusiano wa wanafunzi na mwalimu wao.

Karibu miaka 90 baadaye, Simon Gächter na Jonathan Schulz walichapisha katika jarida la Nature, mwaka 2016, jaribio lililofanywa na vijana zaidi ya 2,500 katika nchi 23, Tanzania ikiwemo. Kila kijana alirusha dadu mahali ambapo hakuna aliyeona, kisha akataja namba aliyoipata na kulipwa kulingana nayo. Mtafiti hakuweza kujua nani amesema uongo, lakini wastani wa kundi ulieleza. Katika nchi ambako rushwa, ukwepaji kodi na udanganyifu wa kisiasa ni vya kawaida zaidi, vijana nao walielekea zaidi kutaja namba zenye malipo makubwa kuliko bahati ingewapa. Tanzania haikusalimika. Funzo la jaribio hilo ni zito: kijana huchota kipimo chake cha uongo unaovumilika kutoka katika mazingira anamokulia.

Utafiti wa Victoria Talwar na Kang Lee wa mwaka 2011 unaongeza jambo linalowahusu moja kwa moja walimu wa Afrika. Walilinganisha watoto wadogo wa shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikitumia adhabu kali za viboko na nyingine haikutumia. Watoto wa shule yenye viboko walidanganya zaidi na walikuwa hodari zaidi wa kuutunza uongo wao usigundulike. Hao walikuwa watoto wa miaka mitatu na minne, na mtu asiwachukulie kuwa sawa na kidato cha tatu. Hata hivyo mantiki yake inaeleweka kwa umri wowote: pale ambapo kusema kweli kunaleta kipigo, uongo unakuwa kinga.

“Pale ambapo kusema kweli kunaleta kipigo, uongo unakuwa kinga.”

Je, viapo na saini za uaminifu vinasaidia? Mwaka 1993 Donald McCabe na Linda Treviño walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 6,000 wa vyuo 31 vya Marekani. Vyuo vyenye kanuni za heshima vilikuwa na udanganyifu mdogo zaidi, lakini jambo lililokuwa na uzito mkubwa kuliko yote ni namna mwanafunzi alivyoona wenzake wanavyofanya. Kwa upande mwingine, makala maarufu ya mwaka 2012 iliyodai kwamba mtu akitia saini juu ya fomu badala ya chini huwa mkweli zaidi iliondolewa rasmi mwaka 2021, baada ya kubainika kwamba sehemu ya takwimu zake si za kweli. Hakuna ujanja wa karatasi unaoweza kuchukua nafasi ya mazoea ya jamii ya shule.

Kukabidhi kwa hesabu

Kama tabia hii hujengwa na mazoea ya kundi, shule inapaswa kuyapanga mazoea hayo kwa makusudi. Wazo hili halijatoka mbali. Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe jamii inayozalisha, ambamo wanafunzi wanashiriki kupanga kazi, kuifanya na kuamua matumizi ya mapato yake. Katika shule nyingi sehemu ya kuamua ilidondoka na jembe likabaki. Shamba likageuka mahali pa kutumikia adhabu, na mavuno yakaenda wanafunzi wasikokujua. Kilichopotea pale ni kile hasa tunachokitafuta leo.

Fikiria stoo ya chakula ya shule ya bweni. Kila jioni wanafunzi wawili waliochaguliwa na wenzao wanapima pamoja na mtunza stoo unga na maharage yanayotoka kwenda jikoni. Wanaandika kilichokuwepo, kilichotoka na kilichobaki, wote watatu wanasaini, na hesabu ya juma inabandikwa ubaoni ambapo kila anayekula ugali ule anaweza kuisoma. Siku maharage yakipungua kilo sita bila maelezo, shule ina somo ambalo hakuna kitabu kitakacholitoa. Je, mzani ni mbovu? Nani alipima? Kwa nini aliyekosea aliogopa kusema? Wanafunzi wanaona kwamba kuaminika kunahusu kumbukumbu zilizo safi na kukiri kosa mapema, na kwamba upungufu mdogo uliofichwa huzaa mkubwa.

Mambo ya kukabidhi hayakosekani hata katika shule ya kutwa isiyo na stoo: vitabu vya kiada, vifaa vya maabara, michango ya mahafali, hesabu za klabu, mapato ya bustani. Muhimu ni masharti manne. Kitu kiwe cha kweli, kiasi kwamba kikiharibika wenzake wanaumia. Jukumu lizunguke, ili kila mwanafunzi alibebe angalau mara moja katika miaka yake minne, kwa kuwa viranja wachache wanaolikalia mwaka mzima hujifunza amri zaidi kuliko amana. Hesabu itolewe hadharani kwa tarehe inayojulikana. Na iwepo njia ya kurudi: aliyevunja imani aeleze, afidie, aanze tena na jukumu dogo. Kijana anayejua kwamba kosa moja limemfuta hana sababu ya kujirekebisha.

Sharti kubwa zaidi ni kwamba shule nayo itoe hesabu. Ruzuku iliyopokelewa na jinsi ilivyotumika ibandikwe mahali wanafunzi wanapopita. Daftari la darasa liwe na ulinzi: kiongozi wa darasa awe na haki ya kuandika “hakufundisha” bila kuadhibiwa, na mkuu wa shule alisome. Mwalimu aliyekosa kipindi kwa sababu halali aandike sababu yake. Hilo halimvunjii heshima, bali linamwongezea.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba kuwakabidhi vijana mali ni kuwatia majaribuni, hasa wale wanaotoka katika nyumba zenye dhiki. Pingamizi hili lina uzito. Mwanafunzi asiye na nauli hapaswi kuachiwa sanduku la fedha peke yake, kisha akahukumiwa. Ndiyo maana kukabidhi lazima kuende kwa ngazi: kumbukumbu na vifaa kwanza, fedha baadaye na kwa kiasi kidogo, daima watu wawili au zaidi. Hasara ndogo zitatokea. Lakini hasara ya daftari moja la hesabu katika kidato cha pili ni nafuu kuliko ya mhasibu wa halmashauri ambaye hakuwahi kutoa hesabu mbele ya mtu hadi alipoajiriwa.

Wengine wanasema malezi ni kazi ya wazazi na ya viongozi wa dini. Ni kweli kwamba msingi huwekwa huko, na shule haiwezi kuchukua nafasi ya mama wala ya imamu wala ya padri. Lakini nyumbani mtoto hujifunza kuaminika kwa ndugu, watu ambao wangempenda hata akikosea. Shuleni anakutana na mamia ya watu wasio wa ukoo wake, kabila lake wala dini yake, na kule ndiko anakojaribiwa kama neno lake lina thamani kwa mgeni. Nchi inaendeshwa na imani ya aina hiyo ya pili.

Pingamizi gumu kuliko yote hutoka kwa wanafunzi wenyewe. Kwao, asiyempa rafiki jibu ni mchoyo, na anayetoa taarifa ni msaliti. Mwalimu asikimbilie kulidharau hilo, kwa sababu ndani yake mna uaminifu wa kweli: kumsimamia rafiki. Kazi ya somo la maadili ni kuwasaidia waone unapoishia. Rafiki anayeomba nimfiche asiumizwe bila haki ananidai kitu tofauti na anayeomba nimsaidie kumnyang’anya mwingine nafasi. Darasa likijadili visa vya namna hiyo kwa uwazi, bila mwalimu kuwa na jibu mfukoni, wanafunzi huanza kupima wenyewe. Na wajifunze pia nani si wa kuaminiwa. Kila msimu wa mitihani matapeli wa Telegram huwauzia watahiniwa karatasi za bandia. Kijana aliyezoea kuuliza ushahidi hatawatajirisha.

Mwisho, kuna wanaosema haya ni maneno matupu maadamu cheti kimoja kinaamua maisha yote. Wanasema kweli nusu. Shinikizo la mtihani ni halisi, na ulinzi wa mtihani wa taifa lazima ubaki palepale. Lakini mwanafunzi yuko sekondari miaka minne, na mtihani huchukua wiki chache. Siku nyingine zote ziko mikononi mwa shule.

Pa kuanzia

Mamlaka za elimu hazihitaji somo jipya wala kitabu kingine. Waraka mmoja unatosha kuitaka kila sekondari ionyeshe kwa mkaguzi majukumu ambayo wanafunzi wamekabidhiwa, hesabu walizotoa, na hesabu ambazo uongozi wa shule umewatolea wao. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili litumie kumbukumbu hizo kama vitendo vyake. Bodi za shule, ambamo wazazi wamo, zisome ubao huo kila muhula na kuuliza maswali. Vijana wetu wanatuomba tuwaamini na kutekeleza tunayowahubiria, na wana haki ya kupata yote mawili kabla hatujawalaumu kwa kutoaminika.